Ulimi wa Dona Ermelinda

Ijumaa, tarehe 8 Machi. Tangu alfajiri mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha hapa Porto, ile ambayo huisikii juu ya vigae bali unaigundua begani, koti likishalowa. Upepo kutoka mtoni uliipeperusha upande upande, hata mwavuli haukuwa na faida.

Nilifika kwenye kikanisa cha Roho za Toharani, kile chenye kuta za vigae vya buluu, mapema kuliko wageni. Nikaingia, nikapiga goti, nikaanza rozari. Nilipotea kwenye tendo la pili la uchungu. Midomo ilikuwa ikisali, lakini akili ilikuwa imekwisha kutangulia mtaa wa Fontainhas, imeingia jikoni kwa rafiki yangu Ermelinda na kuinama juu ya beseni la samaki. Nikarudia tendo lile tangu mwanzo, nikapotea tena palepale. Basi nikamwambia Mungu kwamba leo anipokee hivihivi, nikatoka nje kuwangoja watu.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa miguu na kuwaonjesha vyakula vya mji wetu. Niliianza nikiwa mtu mzima sana. Kiingereza changu ni cha shule ya jioni, nilikianza nikiwa tayari ni bibi wa wajukuu, na mpaka leo nikiwa na hofu hunikimbia. Kila Ijumaa matembezi yetu humalizikia kwenye mgahawa wa Ermelinda. Yeye ni rafiki yangu tangu utoto, na ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Ijumaa hupika bacalhau, yule samaki mkavu wa chumvi, akimpanga kwa tabaka na viazi, vitunguu, mayai na zeituni. Watu wamekula chakula hicho kwake miaka mingi na kulamba vijiko.

Lakini Ijumaa ya wiki mbili zilizopita samaki alitoka na chumvi kama maji ya bahari. Wageni walikunywa maji mpaka mitungi ikaisha. Ijumaa iliyofuata alitoka kama karatasi iliyoloweshwa. Malalamiko yakamfikia Constança, mwenye kampuni ya matembezi, mwanamke kijana, mchapakazi, asiyependa kusikia jambo mara mbili. Jana alinipigia simu akasema atatembea nasi, na atakula pamoja nasi. Chakula kikiwa kibaya tena, kuanzia Ijumaa ijayo tutawapeleka watu ng'ambo ya daraja, kwenye mgahawa mpya wenye madirisha ya vioo toka sakafuni hadi darini.

Nilijua maana yake. Mume wa Ermelinda hawezi tena kufanya kazi, na majirani wanaokuja kula mchana wamebaki wachache. Wageni wa Ijumaa wakiondoka, mlango ule utafungwa kabla ya majira ya joto.

Constança hakujua kwa nini mpishi wa miaka yote ile amepoteza mkono wake wa mapishi ghafla. Mimi nilijua, maana nilikuwepo.

Mwezi wa pili Aníbal, mumewe, alianguka nyuma ya kaunta akiwa na glasi mkononi. Moyo. Hospitalini, walipokuwa wanamsukuma kuelekea kwenye chumba cha upasuaji, Ermelinda alishika ukingo wa kitanda na kusema kwa sauti kwamba Mama Maria akimrudishia mtu wake, chumvi haitapita ulimini mwake mpaka Jumapili ya Pasaka. Muuguzi alisimamisha kitanda akangoja amalize. Hata wauguzi wetu wanajua kwamba mtu anayeweka nadhiri hakatizwi. Nami, niliyekuwa nimebeba mkoba wake, nikaitikia Amina.

Watu wa kwetu wakibanwa na hofu huahidi kile kilicho karibu na mkono. Wapo wanaoahidi mshumaa wenye urefu wa mgonjwa, wapo wanaoahidi kwenda kuhiji Fátima kwa miguu. Mkono wa Ermelinda umekuwa kwenye chumvi maisha yake yote, basi akaahidi chumvi. Katika saa ile hakukumbuka kwamba yeye ni mpishi. Aliponiambia hivyo siku chache baadaye, akiwa ameshika kichwa, tulicheka wote wawili mpaka machozi. Aníbal alikuwa amepona. Tungeachaje kucheka?

Kisha kazi ikaanza. Samaki yule hulowekwa ili chumvi itoke, lakini halowekwi kwa kuhesabu saa. Kipande kinene kinataka maji mengi na siku zaidi, chembamba kinataka pungufu, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Kwa hiyo mpishi hunyofoa unyuzi kwenye sehemu nene, ukiwa mbichi, akauweka ulimini. Hapo ndipo anajua kama ampike au ambadilishie maji tena. Njia nyingine hakuna, na sisi tusio wapishi hatujui unyuzi mbichi unatakiwa uwe na chumvi kiasi gani. Aníbal, ambaye angeweza kumwonjea, daktari amemkataza chumvi. Ikawa nyumba ya samaki wa chumvi ina watu wawili, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Akaonjeshwa Senhor Bernardino, mzee anayeshinda kaunta, ambaye ulimi wake umelowa divai muda mrefu kuliko samaki anavyolowa maji. Matokeo yake nimekwisha kuyasema.

Jumapili nilimwendea Padre Honorato baada ya Misa. Alisikiliza, akatabasamu, akasema anaweza kuibadili nadhiri hiyo iwe sala au sadaka, aje tu amwone. Nilikimbia kwa furaha mpaka Fontainhas. Ermelinda alikuwa anamenya viazi na hakuinua macho.

"Padre ni mtu mwema," alisema. "Lakini kwenye ile korido hakuwepo. Nilimwahidi Mama Maria, sikumwahidi Padre."

Basi leo asubuhi wageni walikuja: akina dada wawili Waholanzi, mume na mke kutoka Kanada, na mstaafu mmoja Mbrazili aitwaye Wanderley, aliyewahi kuendesha mabasi, ambaye alikisema Kireno chetu kana kwamba anakiimba. Constança alikuja mwisho, simu sikioni, akanibusu mashavuni bila kukata mazungumzo yake.

Tuliingia sokoni Bolhão. Niliwaonjesha mkate mweusi wa mahindi unaotoka ng'ambo ya mto, na jibini, na zeituni za Dona Idalina, ambaye hunijazia kiganja kila nipitapo kwa sababu anajua zeituni ni udhaifu wangu. Nilikula moja moja huku nikitazama saa ya ukutani. Nikaeleza habari za mkate. Kisha, sijui ilikuwaje, nikazieleza tena.

"Dada," Wanderley akaninong'oneza, "huo mkate umeshavuka mto mara mbili. Uonee huruma, utalowa."

Nilicheka ili Constança aone ninacheka. Tukatoka, tukashuka Mtaa wa Santa Catarina. Nilikuwa natembea upesi kuliko inavyofaa. Nilijisikia, nikapunguza, na baada ya maduka mawili nilikuwa nimekaza mwendo tena. Mmoja wa wale dada wa Kiholanzi aliuliza kwa upole kama kuna treni tunayoiwahi.

Pale kwenye uwanja wa Batalha tunasimama kula nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwenye mchuzi na kutiwa katikati ya mkate. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama, kwa hiyo mimi niliwaagizia wengine na kusimama mlangoni. Constança akaja kando yangu na mkate wake, akizilinda nguo zake zisidondokewe na mchuzi. Aliuliza kwa nini Dona Ermelinda hapokei simu. Nikamwambia akiwa jikoni hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mwanawe aliyeko Ufaransa.

"Mama Otília, mimi simchukii," alisema. "Babu yangu alikuwa anakula pale. Lakini siwezi kuwatembeza watu nusu siku kwenye mvua, halafu nikawalishe bahati nasibu."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Nadhiri ile haikuwa yangu niitangaze kwenye mlango wa duka la mikate ya nyama. Na nitasema kweli, niliogopa atacheka, na kwamba nami ningemkasirikia bosi wangu kabla ya saa sita mchana.

Mimi mwenyewe sijawahi kuweka nadhiri. Naomba tu, kila siku, asubuhi na jioni, lakini siahidi kitu. Niliogopeshwa nikiwa msichana. Kaka yangu alipokuwa vitani Afrika, mama yetu aliahidi kwamba kijana akirudi mzima atakwenda Fátima kwa miguu. Kaka alirudi, na kabla mama hajavaa viatu vya safari, akafa. Nyumba nzima ilikosa usingizi kwa ajili ya nadhiri ile iliyoachwa njiani. Mpaka shangazi yetu Felismina aliposimama makaburini, mbele ya watu, akasema kwa sauti kwamba miguu ya wifi yake haiwezi tena, basi itakwenda ya kwake. Akaenda. Mimi na Ermelinda, wasichana wawili wenye mizigo ya maji, tulimfuata, na usiku tulimfunga vitambaa kwenye malengelenge.

Sijui kwa nini jambo hilo lilinijia pale Batalha, katikati ya harufu ya nyama nisiyoweza kula. Nililisukuma mbali. Nikawahesabu watu wangu na kuwaambia twende.

Kushuka Fontainhas ni ngazi na mawe yenye utelezi. Chini yetu mto ulikuwa wa rangi ya kahawia na umejaa. Kwa kawaida hapo husimama niwaache wapige picha madaraja. Leo niliwaambia picha ni nzuri zaidi wakati wa kurudi, jambo ambalo si kweli, na Constança alijua si kweli, akanitazama.

Mgahawa ulikuwa na joto na madirisha yenye ukungu. Senhor Bernardino alikuwa mahali pake kwenye kaunta. Aníbal alikaa juu ya ngazi ya ndani inayopanda nyumbani kwao, blanketi mabegani, kama abiria anayengoja meli iliyochelewa. Niliwakalisha wageni, nikawagawia mimi mwenyewe supu ya sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, kisha nikapenya jikoni.

Ermelinda alikuwa amesimama mbele ya samaki. Viazi vilikuwa tayari, vitunguu tayari, mayai yamemenywa. Samaki alikuwa kwenye beseni, mbichi bado, mweupe, mnene. Kati ya vidole vyake viwili alishika unyuzi mmoja wa samaki, ameuinua hadi kidevuni, na hapo mkono umekwama.

"Umembadilishia maji?" niliuliza.

"Tangu Jumanne. Nimembonyeza, nimemnusa. Safari hii vipande ni vinene, si kama vya wiki iliyopita. Vidole havisemi kitu, Otília."

"Bernardino je?"

"Kasema mtamu. Ningempa kipande cha sabuni angesema mtamu."

 Nikamwambia aonje, mara moja tu, ateme.

"Usinitie majaribuni, shoga."

Sauti ya Aníbal ikashuka kutoka kwenye ngazi. "Onja, mke wangu. Niliyeponywa ni mimi, na mimi nasema uonje."

"Wewe nyamaza," Ermelinda akamjibu bila kugeuka. "Ulikuwa umelala."

"Aonje nini? Kwani siku hizi haonji?"

Alikuwa Constança. Amesimama mlangoni na bakuli lake la supu mkononi, na nyuma yake Wanderley, aliyekuwa anatafuta msalani akaona mambo ya jikoni yana utamu zaidi.

 Ermelinda alieleza mwenyewe, kwa maneno machache, akimtazama samaki: kitanda, korido, chumvi, Pasaka. Nilingoja Constança acheke. Hakucheka. Aliweka bakuli chini na kuuliza kwa nini hakuambiwa mapema.

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Constança akafikiri. "Ningesema onja, Mungu ataelewa."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Constança alijifuta uso kwa mikono miwili. Alionekana kijana kuliko umri wake, na amechoka. Alisema hawezi kubishana na nadhiri ya mtu, bibi yake angefufuka. Lakini ukumbini kuna watu waliokwisha kumaliza supu, na wiki ijayo kuna wengine. Dona Ermelinda akionja mwenyewe kama zamani, yeye hana neno, Ijumaa zote ni zake. Asipoonja, leo ndiyo mwisho. Hakuna lingine analoweza.

"Sawa," alisema Ermelinda. Alisema kwa upole, kama mtu anayekubali bei. Akaanza kuurudisha ule unyuzi kwenye beseni.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika rozari. Niliomba, kwa haraka na bila mpangilio, nipewe neno. Sikupewa neno. Mfuniko wa sufuria ya supu ulikuwa ukitikisika, basi. Lakini Shangazi Felismina alikuwa amesimama tena akilini mwangu, na viatu vya mama yangu miguuni.

"Unamkumbuka shangazi yangu makaburini?" nilimwuliza.

Aligeuka upesi. Alikuwa amenielewa kabla sijamaliza, maana tumejuana tangu tukiwa na meno ya utoto.

"Mama yako alikuwa marehemu," alisema. "Mimi mzima. Ninavyo viungo vyangu vyote."

"Mume wako yu hai, na nadhiri haijaisha. Mama Maria anataka itimizwe. Hakusema ipitie ulimi gani."

"Hayo ndiyo wanayowafundisha shule ya jioni?"

"Niliyaona barabarani. Nawe ulikuwepo, ulibeba maji."

 Senhor Bernardino alikuwa ameacha kaunta na kusogea. Aníbal nilimsikia akishuka ngazi moja moja, akipumzika kila hatua.

"Ni wiki tatu nzima," Ermelinda alisema. "Wewe unaishi kwa kuonja. Utawaambia nini wageni?"

"Nitawaambia wao waonje, wanisimulie."

"Mkate una chumvi."

"Nitaoka wangu."

"Jibini. Zeituni za Idalina, Otília. Wewe na zeituni."

"Usinihesabie, dada. Nitabadili mawazo."

  Nilikuwa naogopa. Maisha yangu yote nimemwomba Mungu huku nimefumba kiganja, nisimwahidi kitu nikashindwa. Na sasa nilikuwa nataka kukifumbua mbele ya watu, na upepo ulikuwa unagonga dirisha, na kule ukumbini vijiko vilikuwa vimenyamaza.

Ermelinda alizima feni ya moshi. Jiko likawa kimya ghafla.

"Kama ni hivyo, haitakuwa kimoyomoyo," alisema. "Yangu niliisema kwa sauti, watu wakasikia. Na ya kwako isikike. Aníbal asikie, ndiye aliyeombewa. Na huyu binti asikie, asije akasema kesho tulipatana gizani."

Constança aliilaza simu yake kifudifudi kwenye rafu ya unga. Aníbal alifika mlangoni akashika kizingiti. Senhor Bernardino akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nje ya kanisa. Wanderley alijitia ishara ya msalaba akasogea pembeni ili wale dada wa Kiholanzi, waliokuja na vijiko vyao wakidhani wameitwa, wapate nafasi. Hawakuelewa neno, lakini walisimama wima.

Ulimini nilikuwa bado na ladha ya zeituni za asubuhi. Nikachukua glasi ya maji nikasukutua, nikatema kwenye sinki. Ermelinda aliinua tena ule unyuzi wa samaki mpaka mbele ya midomo yake, akangoja, macho yake machoni mwangu.

"Mimi, Otília," nikasema, na sauti ilikuwa nyembamba, basi nikaanza upya. "Mimi, Otília, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mliosimama hapa, nadhiri ya Ermelinda nimeipokea iwe yangu. Ulimi wake uko huru tangu sasa. Mpaka Jumapili ya Pasaka chumvi haitapita ulimini mwangu mimi. Na mkiniona nimesahau, mnikumbushe."